PostgreSQL kwenye taasisi kubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila taasisi kubwa inapofikiria kuachana na kanzidata ya kulipia, swali huwa lile lile: hii ya bure itaubeba mzigo wetu? Nimetunza kanzidata kwa miaka mingi, na swali hilo nimelisikia kwa wakuu wa TEHAMA, kwa wakaguzi wa mifumo, hata kwa wajumbe wa bodi. Hapa nimekusanya yale yanayojirudia zaidi. Nimeishika PostgreSQL, kanzidata ya bure yenye msimbo wazi, kwa sababu ndiyo ninayoilea kila siku, lakini njia nyingi za kupima zitakufaa hata ukiwa na MySQL au MariaDB. Nikisema kanzidata, nakusudia kile ambacho wengine wanakiita hifadhidata.

Tuanze na jibu fupi. PostgreSQL inaweza kuhudumia taasisi kubwa?

Inaweza, na imefanya hivyo kwa muda mrefu. Mradi wenyewe ulianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, na jina la PostgreSQL lilikuja mwaka 1996. Skype ilijengwa juu yake, na PgBouncer, chombo cha kusimamia miunganisho tunachokitumia leo, ilitoka kwa wahandisi wa Skype walioko Estonia. Instagram ilianza nayo. OpenAI wameeleza hadharani kwamba wana seva kuu moja ya PostgreSQL inayopokea maandishi yote (yaani kila ombi la kuandika data), ikisaidiwa na nakala zaidi ya 40 za kusomea.

Lakini nakuomba usiishie kwenye majina hayo. Mzigo wa OpenAI kwenye seva hiyo ni wa kusoma zaidi kuliko kuandika, na maandishi mazito waliyahamishia kwingine. Mfumo wako wa malipo au wa bima ya afya una sura yake. Kinachokupa jibu ni vipimo vya mzigo wako mwenyewe.

Sisi ni taasisi kubwa. "Kubwa" maana yake nini kwa kanzidata?

Kanzidata haijui una wafanyakazi wangapi, matawi mangapi wala bajeti ya kiasi gani. Inahisi mambo manne: maandishi kwa sekunde wakati wa pilika, ukubwa wa data inayoguswa kila siku, idadi ya watu na programu zinazoiuliza kwa wakati mmoja, na muda ambao mnaweza kuvumilia ikizimika.

Chukua chama cha akiba na mikopo chenye matawi nchi nzima, kinachoingiza miamala 2,000,000 kwa siku. Namba hiyo ukiitaja kwenye kikao, watu wanashtuka. Igawe kwa sekunde 86,400 za siku: miamala 23 kwa sekunde. Sasa weka mwisho wa mwezi, mishahara imeingia, kila mtu yuko kwenye simu yake saa saba mchana. Zidisha mara 20. Unafika 460. Seva moja yenye viini 16 vya prosesa na diski nzuri za kasi za NVMe hubeba maelfu ya miamala midogo kwa sekunde, mradi programu imeandikwa vizuri. Nimeona taasisi zikiomba mamilioni ya fedha kununua mfumo wa seva 12 kwa mzigo ambao ungekaa kwenye seva moja na nakala zake mbili, na ninaumia kila mara, kwa sababu fedha hiyo ingesomesha watu wa kuitunza.

Kama tayari mna PostgreSQL, kupima ni kazi ya dakika chache. Soma safu ya xact_commit kwenye takwimu za ndani za pg_stat_database, subiri sekunde 60, soma tena. Tofauti ukiigawa kwa 60 ndiyo miamala kwa sekunde, ya kusoma na ya kuandika kwa pamoja. Ili kuona uzito wa kuandika peke yake, fanya vivyo hivyo kwa pg_current_wal_lsn(). Hapo unapata baiti za logi ya mabadiliko. Pima siku ya kawaida, kisha upime tarehe ile ambayo kila mtu hapo ofisini anaiogopa.

Kuna kikomo cha ukubwa wa data?

Jedwali moja, kwa kurasa za kawaida za kilobaiti 8, haliwezi kupita terabaiti 32. Safu zake (column) haziwezi kuzidi 1,600. Kanzidata nzima haina kikomo kilichowekwa. Mambo mengine yatakubana kabla ya hayo, hasa muda wa kurejesha data kutoka kwenye akiba, yaani nakala rudufu (backup).

Kitu gani huvunjika kwanza?

Kwa niliyoyaona, ni miunganisho. PostgreSQL hufungua mchakato mzima wa mfumo endeshi kwa kila muunganisho, na max_connections huja ikiwa 100. Timu ya programu inaleta seva 20 za programu, kila moja imejiwekea miunganisho 50. Hiyo ni 1,000. Mtu anapandisha kikomo hadi 1,500, mambo yanakwenda, hadi siku ya pilika, prosesa zinapoanza kutumia muda mwingi kupokezana zamu kuliko kufanya kazi yenyewe. Toleo la 14 la mwaka 2021 lilipunguza sana gharama ya miunganisho iliyokaa kimya, ila halikuimaliza. Dawa ni kuweka PgBouncer mbele na kuandika pool_mode = transaction, ili miunganisho 1,000 ya programu ihudumiwe na 40 au 60 ya kweli. Anza na mara 2 hadi 4 ya idadi ya viini vya prosesa, kisha upime. Wapo waliokimbia mtindo huu kwa sababu ulikuwa unagombana na maulizo yanayoandaliwa mapema (prepared statements). Tangu PgBouncer 1.21 ya mwaka 2023, inayajua hayo pia.

La pili ni ufagiaji. PostgreSQL ikibadilisha rekodi, haifuti ya zamani papo hapo. Inaandika toleo jipya na kuliacha la zamani limelala kama rekodi mfu, hadi mfagiaji, anayeitwa autovacuum, apite. Kwa mipangilio ya awali, mfagiaji anaamka rekodi mfu zinapofika asilimia 20 ya jedwali. Kwenye jedwali la rekodi 10,000 hilo ni sawa. Kwenye jedwali la rekodi milioni 500, atasubiri rekodi mfu milioni 100 ndipo aanze, na hapo tayari maulizo yenu yamechoka. Majedwali makubwa yape kiwango chake: ALTER TABLE pamoja na autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.01, na mfagiaji atakuja kila zinapofika milioni 5.

Kuna usiku mmoja siusahau. Taasisi niliyokuwa naihudumia ilikuwa na jedwali la salio lenye rekodi kama 40,000, kitu ambacho hakizidi megabaiti 10. Saa nne usiku tarehe 28, malipo yaliyogusa akaunti zenye shughuli nyingi yalikuwa yanachukua sekunde 6. Nikaangalia ukubwa wa jedwali lile: gigabaiti 1.9. Nikafungua pg_stat_activity, orodha ya waliounganishwa na wanachofanya, na katikati ya mistari pakawa na mmoja umekaa kimya: idle in transaction, saa 9 na dakika 14. Mchambuzi alikuwa amefungua programu yake ya ripoti baada ya saa sita mchana, muamala wa aina ya REPEATABLE READ, akasoma alichotaka, akaiacha kompyuta ikiwaka akaenda nyumbani. PostgreSQL ikawa inamtunzia picha ya data ya mchana ule. Mfagiaji alipita mara nyingi tu, lakini hakuruhusiwa kuondoa rekodi mfu hata moja iliyozaliwa baada ya hapo. Nikaukata muamala kwa pg_terminate_backend, nikaendesha VACUUM, yaani kufagia kwa mkono, na malipo yakarudi kwenye milisekunde. Siku iliyofuata tukaweka idle_in_transaction_session_timeout ya dakika 10, na watu wa ripoti tukawahamishia kwenye nakala ya kusomea.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu hakuna kipimo cha "kupanuka" kinachokamata kosa la namna hiyo. Seva ilikuwa na nguvu za kutosha. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia orodha ile.

Tumesikia PostgreSQL inaweza kugoma kabisa kuandika. Ni kweli?

Ni kweli. Kila muamala wa kuandika hupewa namba ya biti 32. Namba zote ni kama bilioni 4.3, na kwa jinsi zinavyolinganishwa, nusu yake tu ndiyo inayotumika kwa usalama, yaani bilioni 2.1. Mfagiaji huzigandisha rekodi za zamani ili namba zirudi kutumika. Akizuiwa kwa muda mrefu, PostgreSQL hukataa kutoa namba mpya ili kulinda data. Sentry, kampuni ya kufuatilia hitilafu za programu, walikumbwa na hali hiyo mwaka 2015, na Mandrill, huduma ya barua pepe ya Mailchimp, mwaka 2019.

Fanya hesabu yako. Taasisi yenye miamala 1,000 ya kuandika kwa sekunde hutumia namba milioni 86.4 kwa siku, kwa hiyo ingemaliza bilioni 2.1 ndani ya siku 25 kama mfagiaji hafanyi kazi. Weka king'ora kwenye age(datfrozenxid), umri wa namba ya zamani zaidi ambayo haijagandishwa: kikifika milioni 500, mtu apigiwe simu. Ni mstari mmoja kwenye mfumo wa ufuatiliaji. Kama mkandarasi wako hawezi kukuonyesha mstari huo, bado hajawa tayari kukabidhiwa mfumo.

Tukiongeza nakala za kusomea, tatizo limekwisha?

La kusoma, ndiyo, kwa sehemu kubwa. Tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010, nakala hupokea mabadiliko mfululizo na zinaweza kujibu maulizo. La kuandika, hapana: kila andiko bado linapita kwenye seva kuu, kisha linarudiwa kwenye kila nakala.

Kuna jambo wasanidi wetu hulisahau. Nakala huwa nyuma kidogo. Mteja anaweka 50,000, programu inaandika kwenye seva kuu, sekunde hiyo hiyo inasoma salio kwenye nakala, na mteja haoni fedha yake. Anaweka tena. Salio la mtu aliyetoka kufanya muamala lisomwe kwenye seva kuu. Ripoti, utafutaji na historia ya mwaka jana viende kwenye nakala.

Lini tugawe data?

Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kugawa jedwali ndani ya seva moja, na kugawa data kwenye seva nyingi.

La kwanza lifanye mapema kwenye majedwali yanayokua kwa tarehe. Tangu toleo la 10 la mwaka 2017, PostgreSQL inagawa jedwali kwa tamko rahisi, tuseme kipande kwa kila mwezi. Faida utaiona siku ya kuondoa data ya zamani: kufuta rekodi milioni 80 kwa DELETE ni kazi ya saa nyingi, na inaacha rekodi mfu milioni 80, kudondosha kipande cha mwezi ni sekunde. Angalizo moja: sharti la upekee kwenye jedwali lililogawanywa lazima lijumuishe safu ya mgao. Kama namba ya risiti inapaswa kuwa ya pekee katika miaka yote, lifikirie hilo kabla ya kugawa.

La pili, kugawa kwenye seva nyingi, liahirishe kadiri unavyoweza. Instagram walifanya hivyo mapema kwa kutengeneza vipande vya kimantiki maelfu kwenye seva chache, na kila kitambulisho cha biti 64 wakakijenga kwa biti 41 za muda, 13 za namba ya kipande na 10 za mfululizo, ili kitambulisho chenyewe kieleze data iko wapi. Notion, programu ya kuandikia madokezo, waligawa mwaka 2021: vipande 480 juu ya kanzidata 32. Namba ya 480 ilichaguliwa kwa sababu inagawanyika kwa namba nyingi, hivyo unaweza kuongeza seva bila kuvuruga mgao. Zote mbili zilikuwa na timu za wahandisi waliojitoa kwa kazi hiyo. Ukitaka usaidizi, kuna Citus, kiendelezi ambacho Microsoft iliinunua kampuni yake mwaka 2019, na tangu 2022 msimbo wake wote uko wazi. Lakini hata Citus itakuuliza swali moja gumu: ufunguo wa mgao ni upi? Ukigawa kwa namba ya tawi na mteja akahamisha fedha kutoka Mwanza kwenda Mbeya, muamala mmoja umekuwa wa seva mbili.

Mbona Uber waliiacha?

Mwaka 2016 wahandisi wa Uber walieleza hadharani kwa nini walihama PostgreSQL kwenda MySQL. Hoja zao zilikuwa za kweli, nami sipendi wapenzi wa PostgreSQL wanapozipuuza. Kubwa ni hii: jedwali likiwa na faharasa nyingi (index, orodha za kuharakisha utafutaji), kubadilisha safu moja kunaweza kulazimu kuandika upya kwenye faharasa zote, kisha mzigo huo wote ukasafirishwa kwenda kwenye nakala zilizo kituo kingine cha data. Walikuwa pia wamekumbwa na hitilafu ya nakala katika toleo la 9.2.

Tangu toleo la 8.3 kuna njia ya mkato inayoitwa HOT: kama hukugusa safu yenye faharasa na ukurasa una nafasi, faharasa haziguswi. Kwa hiyo jedwali linalobadilika sana lipe fillfactor (kiwango cha kujaza ukurasa) ya 80 au 90, na uondoe faharasa zisizotumika. Safu ya idx_scan kwenye pg_stat_user_indexes itakuonyesha zipi hazijawahi kuguswa. Nimekuta jedwali lenye faharasa 23, na 14 kati yake zilikuwa na sifuri. Kabla ya kufuta, zichunguze na kwenye nakala pia, kwa maana hesabu hiyo kila seva inayo yake, na ripoti za mwisho wa mwaka zinaweza kuwa zinaitegemea faharasa unayoiona haina kazi.

Tupimeje kabla ya kusaini mkataba?

PostgreSQL inakuja na pgbench, chombo cha kupima kasi. Watu huiendesha kwa dakika mbili kwa mipangilio ya awali, wanapata namba nzuri, wanaibandika kwenye wasilisho. Namba hiyo haina maana.

Kipimo cha ukubwa (scale) cha 1 kwenye pgbench ni rekodi 100,000, kama megabaiti 15 hivi. Seva yako ina RAM ya gigabaiti 64. Data yote imekaa kwenye RAM na diski imelala. Panda hadi kipimo cha 6,000 au zaidi, ili data ipite RAM. Pili, PostgreSQL humwaga mabadiliko kwenye diski kwa vipindi, na kipindi cha awali ni dakika 5. Jaribio la dakika mbili linaweza lisikutane na hata kimoja. Endesha saa nne, tena ukiweza usiku kucha, ili mfagiaji naye aingie kazini. Tatu, usitazame wastani. Uliza ombi la polepole zaidi kati ya kila 100 lilichukua muda gani, kwa sababu huyo ndiye mteja atakayepiga simu.

Na zaidi ya yote, andika hati ya majaribio (script) yako mwenyewe na uipe pgbench kwa kutumia -f. Chukua maulizo 20 mazito zaidi kutoka pg_stat_statements, inayoweka kumbukumbu ya maulizo na muda wake, uyaweke kwa uwiano wake halisi. Kisha fanya lile ambalo karibu hakuna anayelifanya: zima seva kuu katikati ya jaribio, kwa kuchomoa umeme ikiwezekana, uhesabu sekunde hadi malipo yarudi. Muuzaji anayekwepa jaribio hilo amekupa jibu tayari. Hakikisha pia fsync, mpangilio unaolazimisha data kuandikwa kweli kwenye diski, haijazimwa. Ikizimwa kasi huruka juu, na umeme ukikatika data huharibika.

Seva kuu ikifa, nyingine inashika yenyewe?

PostgreSQL yenyewe haina utaratibu huo ndani. Wengi tunatumia Patroni, chombo cha kukabidhi uongozi kwa seva nyingine kilichoendelezwa na Zalando wa Ujerumani, pamoja na etcd, ghala dogo la kukubaliana, kwenye mashine tatu zinazopiga kura nani awe kiongozi. Mbili hazitoshi: mtandao ukikatika kati yake, hakuna wa kuamua.

Jambo la kuamua ni kama muamala usubiri nakala ithibitishe. Ukisubiri, hupotezi kitu, lakini unalipa kwa umbali. Safari ya kwenda na kurudi kwenye kituo cha pili ikiwa milisekunde 40, muunganisho mmoja hauwezi kukamilisha zaidi ya miamala 25 kwa sekunde. Kwa hiyo nakala inayosubiriwa iwe jirani, ya mbali iwe ya kufuata nyuma.

Na akiba?

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, alifuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya pili. Ilikuwa kama gigabaiti 300. Walipokwenda kwenye akiba, wakakuta pg_dump, chombo cha kutoa nakala ya data, ilikuwa ikishindwa kimya kimya kwa sababu ya toleo lisilolingana na seva. Kilichowaokoa ni picha ya diski iliyochukuliwa saa 6 kabla. GitLab walilieleza tukio zima hadharani, na kila mtunzaji wa kanzidata anapaswa kulijua.

Akiba ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu. Kwa data ya terabaiti 2, tumia vyombo vya akiba kama pgBackRest au Barman pamoja na logi za mabadiliko, na kila mwezi rejesha yote kwenye mashine nyingine huku saa ikihesabu. Kwa kasi ya megabaiti 200 kwa sekunde, kunakili tu ni saa 2 na dakika 47. Muulize mkurugenzi: tunaweza kukaa kimya saa tatu? Jibu lake ndilo litakalokuambia kama seva moja inawatosha, kuliko takwimu yoyote ya miamala.

Leseni haiwezi kubadilika tukiwa tumeshaingia?

Swali zuri, na limewaumiza wengine. MongoDB, kanzidata nyingine, ilibadili leseni mwaka 2018. Redis, nayo kanzidata, ilibadili Machi 2024, na mwezi huo huo Valkey, tawi lake huru, ikazaliwa chini ya Linux Foundation. Mara nyingi hutokea pale kampuni moja inapomiliki msimbo wote. PostgreSQL haina mmiliki mmoja: hakimiliki imetawanyika, leseni yake ni ya ruhusa pana inayofanana na BSD, na wachangiaji wakuu wametoka kampuni tofauti. Unapopima kanzidata nyingine, uliza nani ana hakimiliki na kama wachangiaji wanasaini kumkabidhi mtu haki zao.

Tutampigia nani saa nane usiku?

Kuna kampuni zinazouza msaada, EDB na Percona kati yao. Kila toleo kubwa hutoka mara moja kwa mwaka na hupewa marekebisho kwa miaka 5. Viraka vidogo hutoka kila baada ya miezi mitatu. Lakini taasisi kubwa bila watu wake wawili wanaoifahamu PostgreSQL kwa undani isiingie huku. Wawili, kwa sababu mmoja ataugua au ataajiriwa kwingine.

Tunatoka Oracle, kanzidata ya kulipia. Ugumu uko wapi?

Kwenye msimbo uliofichwa ndani ya kanzidata. Endesha ora2pg, chombo cha kuhamia PostgreSQL, iorodheshe taratibu zote na kukadiria siku za kazi. Kuna mitego midogo: Oracle huhesabu neno tupu kuwa NULL (thamani isiyojulikana), PostgreSQL inayatofautisha. Fomu iliyoachwa wazi sehemu ya jina la kati italeta majibu mengine kwenye ripoti, na hakuna kosa litakaloonekana kwenye logi.

Tuweke kwenye wingu au hapa ndani?

Vyote vinawezekana. AWS, huduma ya wingu ya Amazon, ilifungua kituo Cape Town mwaka 2020. Ila Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ya Kenya ya mwaka 2019, zina masharti kuhusu kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Mwanasheria aingie kikaoni kabla ya mhandisi kufungua akaunti.

Kuna mfano wa huku kwetu?

DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, unategemea PostgreSQL, na Kenya na Tanzania wanautumia kitaifa kukusanya takwimu za vituo vya afya. Mzigo wake unafundisha: taarifa za mwezi hujaa karibu na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha, na wakuu wanataka ripoti siku hizo hizo. DHIS2 huandaa majedwali maalumu ya uchambuzi, kwa kawaida usiku, ili ripoti isikokotoe kila kitu upya. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wenye mizizi Eldoret, inatumia MySQL na MariaDB. Ukitaka kujifunza, waulize wanaoziendesha seva hizo wilayani na kwenye wizara.

Lini tuseme hapana?

Kama mnahitaji kuandika kwa wakati mmoja kwenye mabara mawili au matatu, na kila upande uone mabadiliko papo hapo, angalia YugabyteDB, kanzidata iliyosambaa kwenye seva nyingi. Kama kazi ni kuchambua terabaiti kumi na kuendelea za matukio, ClickHouse, kanzidata ya uchambuzi, itaipita kwa mbali sana. Kama tayari mna MySQL inayofanya kazi na timu inayoijua, Vitess, mfumo wa kugawa MySQL kwenye seva nyingi uliotoka YouTube, itawapeleka mbali bila kuhama. Na kama maandishi yenu ya pilika yamekwisha kujaza seva kubwa kuliko zote mnayoweza kununua, baada ya miunganisho kupangwa, faharasa kupunguzwa na mfagiaji kurekebishwa, hapo PostgreSQL ya seva moja imefika mwisho wake. Katika taasisi zote nilizohudumia, sijawahi kukuta iliyofika hapo. Zote zilizodhani zimefika zilikuwa na ulizo moja lisilo na faharasa, au muamala ulioachwa wazi tangu mchana.